Ubao wa Namba Saba

Mgeni yule alitokea upande wa mtoni akiwa na viatu vikavu, na hilo ndilo lililowafanya watu wa Kwamdoe waache majembe.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1976, siku ya kazi katika shamba la kijiji, na watu kama sitini walikuwa wakitayarisha ardhi ya pamba. Kutoka Korogwe kuja Kwamdoe kulikuwa na njia mbili tu. Moja ilizunguka mpaka darajani, mwendo wa kutwa. Nyingine ilikata mto Pangani pale penye mawe, na aliyepita huko alifika kijijini amelowa hadi kifuani, viatu vikining'inia shingoni. Mzee huyu kila mtu alimwona akipanda kutoka kwenye matete, lakini suruali yake bado ilikuwa na alama ya pasi.

"Shikamoo, mzee," alisema Zuena, aliyekuwa mwisho wa mstari na kwa hiyo karibu naye zaidi.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Ponsiano. Natoka shamba la mkonge hapo ng'ambo, lakini kwetu hasa ni Tabora."

"Mnyamwezi!" mtu akapaza sauti, na kazi ikafa hapo hapo. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikutokea shambani huwezi kuendelea kulima kana kwamba ni kenge tu amepita.

Mzee Mbaruku, mwenyekiti wa kijiji, alikuja mbio akifuta jasho kwa kofia. "Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu kichwani. Wewe umebeba nini?"

"Nimewabebea boti," Ponsiano akajibu. "Maana nyie Wazigua mmezaliwa kando ya mto, mmezeekea kando ya mto, na mpaka leo mnauvuka kama ng'ombe."

Walicheka mpaka wengine wakaegemea mipini. Lakini neno lile, boti, lilikuwa limeshaingia masikioni, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyerudi mstarini.

Kila masika mto ulifunika mawe, na Kwamdoe ikatengwa na hospitali, soko na stesheni ya treni. Masika yaliyopita Hamisa, jirani na rafiki wa Zuena, alishikwa na uchungu mvua ikiwa imepamba moto. Walimbeba kwa machela kuelekea darajani. Mtoto alizaliwa njiani, na hakuliona jua la pili. Tangu siku ile Zuena, ambaye sasa alikuwa katibu wa kijiji, hakukaa katika mkutano hata mmoja bila kutaja habari ya kivuko.

Ponsiano alieleza mambo yake kwa kifupi. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, shamba lilikuwa linapunguza watu, naye alikuwa amepiga kasia pale kwa miaka ishirini na tisa. Walimpa boti badala ya sehemu ya kiinua mgongo chake, karatasi yenye muhuri kuonyesha kwamba ni yake, na waranti ya treni ya kumrudisha kwao. Waranti ilikuwa na tarehe moja tu, ishirini na nane ya mwezi ule. Boti huwezi kupanda nayo treni, kwa hiyo alitaka kuiuza.

Waliteremka mtoni wote, pamoja na wazee waliokuwa wamesema asubuhi kwamba miguu inawauma.

Ilikuwa boti ya mvule, ndefu hatua tisa, imepakwa lami ikang'aa. Mbaruku aliigonga kwa ngumi huku na huku kama mtu anayechagua fenesi. "Tunainunua," alisema. "Fedha ya pamba ya msimu uliopita inatosha. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Zuena aliomba karatasi.

Zuena alikuwa na miaka thelathini na sita, na kati ya hiyo, thelathini na tatu aliishi bila kujua kusoma. Alijifunza katika kisomo cha watu wazima, jioni, mikono ikinuka moshi, akibanana na Hamisa kwenye dawati moja la watoto. Mwaka uliopita alifaulu mtihani wa taifa, na miezi michache baadaye kijiji kilipoandikishwa rasmi, mkutano mkuu ulimchagua kuwa katibu. Wako waliosema ni mzaha utakaokwisha. Yeye aliuchukua ukatibu kama mtu anavyombeba mtoto mchanga wa mwenzake.

Karatasi ilisema: boti ya mbao, namba 12. Zuena aliizunguka boti ndani ya maji ya magotini akitafuta namba hiyo. Aliipata kwenye tezi, nyuma kabisa ya boti, juu ya ubao mpana uliopigiliwa hapo, imechomwa kwa chuma cha moto. Lakini haikuwa 12. Ilikuwa 7.

Kwanza alijishuku mwenyewe. Alirudi kwenye karatasi, akaweka kidole. Moja, mbili. Alirudi kwenye ubao. Saba, moja peke yake, kubwa kama kiganja.

"Mzee Ponsiano," alisema, "karatasi hii ni ya boti nyingine. Tutajuaje kwamba hii haikuibwa?"

Watu wakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Kumwita Mnyamwezi mwizi mbele ya Wazigua ni sawa na kumwamkia. Ponsiano mwenyewe alicheka akaonyesha mapengo. "Nimeiba, mtani! Boti nilitia mfukoni, na mto nikaukunja nikauweka kwapani!"

"Sina utani, mzee. Nasema kweli."

Vicheko vikazidi. "Katibu kamkasirikia mtani!" alipiga kelele mmoja. "Faini! Kuku!" Ndivyo ilivyo desturi: anayemkasirikia mtani wake hulipa.

"Kuku nitatoa," alisema Zuena. "Yule jogoo wangu mwekundu, leo hii. Sasa nisikilizeni."

Vicheko vikakatika, kwa sababu Kwamdoe haikuwa imepata kumwona mtu aliyekubali faini upesi namna ile.

Akawaeleza polepole. Lile shamba la mkonge lilikuwa mali ya taifa tangu Azimio. Boti ikiwa imeibwa huko, basi iliibwa kwa umma, na umma ndio wao. "Tutakuwa tumemwibia nani? Si sisi wenyewe? Kijiji hakijatimiza hata mwaka tangu kiandikishwe, na kitu cha kwanza tunachokinunua pamoja kiwe na doa?"

"Masika yako wiki nne tu kutoka leo, Zuena," alisema Mbaruku, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Mto hausomi namba."

"Mto hausomi, mwenyekiti. Sisi tunasoma."

Alisema hivyo bila kutetereka. Alijua vizuri alichokuwa akikiweka rehani. Akikosea, kijiji kitaingia masika bila boti, na itasemwa miaka mingi kwamba ilikuwa kwa sababu ya mwanamke aliyejua kusoma juzi. Hapatakuwa na mwanamke mwingine atakayekabidhiwa kalamu Kwamdoe.

Ponsiano alikuwa ameketi kwenye ukingo wa boti. Uso wa utani ulikuwa umemtoka.

"Hiyo saba ni mimi," alisema.

Aliwasimulia akiangalia maji. Yeye hakujua kusoma, lakini ile alama aliijua. Mkongeni kila chombo kilikuwa na namba, na namba ya chombo ndiyo iliyoandikwa kwenye kipande cha mfanyakazi, ile kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi. Makarani hawakumwita Ponsiano. Walimwita Saba. Mwishoni mwa mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, mto ulifurika ukaivunja boti yake. Ikajengwa mpya, ikapewa namba 12. Karani akamwambia: Saba imekufa, na kipande chako kimekufa nayo, nenda kwenu.

"Mke wangu alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja tumboni," alisema Ponsiano. "Fundi wetu alikuwa Yordani, Mngoni, Mungu amrehemu. Alikwenda kwenye mabaki ya boti iliyovunjika, akaung'oa ubao wenye saba, akaupigilia juu ya namba mpya. Asubuhi karani akaja, akaona saba, akatia alama kwenye kipande changu. Hakuuliza tena mpaka leo. Faili lao linasema hivi, boti inasema vile. Sisi tulidhani ubao ndio unaoamua."

Hakuna aliyecheka. Wengi wa watu wale walikuwa na baba au mjomba aliyewahi kukata mkonge.

"Basi kumi na mbili iko chini ya ubao?" aliuliza Zuena.

"Kama Yordani hakuiparua. Sikuwahi kuangalia. Niliogopa kuangalia."

Mkutano uliofanyika pale pale ukingoni uliamua kwamba Zuena aandike barua wilayani. Aliiandika mara nne kabla ya kuridhika nayo. Ilikuwa barua ya kwanza ya kiserikali kutoka Kwamdoe, na ndani yake hakuficha kitu: karatasi inasema hivi, ubao unasema vile, tunaomba mje mtazame kwa macho yenu kabla hatujanunua. Siku ya kumi na moja jibu lilikuja kwa mtu aliyetoka Kang'ata kwa baiskeli. Bahasha iliandikwa kwa taipu: Ndugu Zuena, Katibu wa Kijiji. Aliisoma bahasha kwa muda mrefu kuliko barua.

Afisa wa vyombo vya majini angekuja tarehe 28 asubuhi. Ubao ung'olewe mbele yake. Namba ikilingana, atagonga muhuri na kivuko kitaanza. Na kwa kuwa hiki kingekuwa kivuko cha kwanza kumilikiwa na kijiji katika sehemu ile, Katibu Tarafa atafika saa tisa siku hiyo hiyo kukizindua. Kijiji kitayarishe risala, na risala isomwe na katibu.

Zuena alipompelekea Ponsiano habari, mzee aliitoa waranti yake mfukoni.

"Ishirini na nane ndiyo treni yangu. Saa kumi jioni, na tangu asubuhi nitakuwa njiani na mizigo."

"Fedha utalipwa kabla, mzee. Mkutano umekubali. Ikiwa chini ya ubao hakuna kitu, hasara ni yetu. Tumekuamini."

"Sisemi fedha. Nasema ubao." Alikuna ndevu. "Watoto wangu wamekulia Tabora kwa bibi yao. Hawajui nilikuwa nafanya nini huku. Nataka niupeleke. Sasa mtaung'oa, mtaupasua, mtachemshia uji. Au utaniahidi, kisha utamtuma mtu, na yeye atamtuma mwingine. Makarani walioniahidi vitu nimewahesabu mpaka vidole vikaisha, mwanangu."

"Mimi sitamtuma mtu," alisema Zuena. "Utaupata mzima, na nitakupa mwenyewe mkononi."

"Hata kama ni stesheni?"

"Hata stesheni."

Tarehe 28 Kwamdoe iliamka mapema kuliko majogoo. Wanawake walifagia njia yote mpaka mtoni. Ng'ombe mmoja alichinjwa. Zuena alivaa kitenge kipya cha rangi ya manjano, akafunga kilemba chake, na kifuani, ndani ya nguo, akaweka risala, kurasa mbili alizoziandika kwa mkono wake na kuzisoma mbele ya mbuzi, mbele ya sufuria, mbele ya mume wake Athuman aliyemwambia, "Sasa hata mimi naijua kwa moyo, nenda ukapumzike."

Afisa, Ndugu Ernesti, alikuwa kijana mrefu mwenye miwani. Aliipima boti, akasoma karatasi, akasoma ubao, kisha akasema, "Haya, fundi."

Fundi alikuwa Simeo, Msambaa wa Vugiri, aliyeshuka milimani kwa kazi hii. Aliinama, akapapasa misumari, akasimama na shoka. "Imeota kutu na imekunjwa kwa ndani. Nikiupasua katikati, ni dakika tano."

"Hapana," alisema Zuena. "Utoke mzima."

"Dada, misumari iko ishirini na miwili."

"Basi ng'oa ishirini na miwili."

Simeo aliguna kwa Kishambaa jambo ambalo hakuna aliyelitafsiri, akaingia kazini na koleo. Msumari wa kwanza ulichukua muda wa kuvuta sigara. Jua lilipanda. Mbaruku alitembea huku na huku akisema na matete. Afisa aliangalia saa yake mara mbili. Zuena aliushika ubao kwa chini kwa mikono miwili ili usije ukachanika, na moyoni hakuwa akifikiria ubao. Alifikiria kilichokuwa nyuma yake. Labda Yordani aliiparua. Labda hapakuwa na kitu kamwe.

Msumari wa ishirini na miwili ulitoka karibu na saa sita. Ubao ulimwangukia mikononi.

Chini yake mvule ulikuwa mwekundu, haujaguswa na jua tangu mwaka wa Uhuru, na katikati yake, wazi kama imechomwa jana, ilisimama 12.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika, watu husema, mpaka ng'ambo. Hamisa aliruka ndani ya maji na nguo zake. Mbaruku aliikumbatia boti. Ndugu Ernesti alivua miwani, akaifuta, akaiweka karatasi gotini, akagonga muhuri.

"Ndugu Katibu," alisema, "mimi nimekagua vyombo vingi. Watu hupaka rangi kabla sijafika. Nyie ndio wa kwanza kuniandikia barua kunionyesha kasoro." Akampa mkono mbele ya kijiji kizima. Zuena aliona Mbaruku akiangalia mkono ule, kisha akiwaangalia watu, kana kwamba anawaambia: mmemwona katibu wetu?

Lakini tezi ilikuwa na matundu ishirini na mawili. Simeo alikuwa tayari anayaziba kwa pamba na lami. Boti haitagusa maji, alisema, kabla ya saa tisa. Na Zuena alikuwa amesimama na ubao mikononi, jua likiwa limefika utosini, Korogwe ikiwa mwendo wa saa tatu na zaidi.

"Mtume mtu," Mbaruku alimnong'oneza. "Vijana wapo. Zuena, risala ni yako. Katibu Tarafa anakuja kukusikia wewe."

Naye alitaka kumtuma mtu. Asingetaka, kuitimiza ahadi kusingemgharimu kitu. Alizisikia kurasa mbili zikimchoma kifuani. Alikuwa ameshaijua hata sauti atakayoitumia kwenye mstari wa kwanza. Kwa miaka thelathini na tatu hakuna aliyetaka kumsikia akisoma kitu, na leo walikuwa wakimngojea. Aliugeuza ubao. Upande wa ndani palikuwa na alama za nyundo ya Yordani, za mtu aliyepigilia gizani kwa haraka ili mwenzake asifukuzwe.

Akazitoa kurasa zile. "Hamisa, njoo."

"Mimi?" Hamisa alirudi nyuma. "Dada, mimi nasoma kwa kidole!"

"Basi soma kwa kidole. Tulikaa dawati moja. Na habari ya masika yaliyopita iko ukurasa wa pili. Hakuna anayestahili kuisoma kuliko wewe."

Hamisa alizipokea kama mtu anayepokea maji ya moto.

Zuena aliuweka ubao kichwani, akakunja kitenge, akashuka kwenye mawe. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani, na rangi ya manjano ikaanza kuchuja. Nyuma yake alimsikia Hamisa akijaribu mstari wa kwanza, "Ndu-gu Mgeni Ra-smi," na watu wakimtia moyo. Hakugeuka, maana mawe yale hayataki mtu anayegeuka.

Ng'ambo alitembea kati ya mistari ya mkonge iliyoachwa, miti yake ya maua imechomoza juu bila wa kuikata. Kitenge kilikauka mwilini, kikalowa tena kwa jasho. Ubao ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, akauhamisha kichwani, begani, kichwani tena. Karibu na mji alimuuliza mwenye baiskeli ni saa ngapi. Saa tisa na nusu. Saa hizo Hamisa amemaliza, au amekwama, au analia. Zuena alianza kukimbia.

Alipoingia stesheni ya Korogwe treni ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza. Alipita behewa moja baada ya jingine akiita, "Mzee Ponsiano! Mzee Ponsiano!" na watu wakatoa vichwa kumtazama mwanamke aliyefunga kilemba cha sherehe, mwenye tope mpaka magotini, na ubao kichwani.

Alimkuta behewa la mwisho kasoro moja. Mzee hakuwa akichungulia dirishani. Alikuwa ameketi akiangalia mbele, kama mtu aliyekwisha kujikataza kungoja.

"Mzee!"

Aligeuka. Abiria wawili walisaidia kuupokea ubao, ukaingia kwa pembe, ukamgonga mmoja wao kichwani akalaani kwa Kipare. Ponsiano aliulaza mapajani. Alipitisha kidole juu ya saba, kisha kwenye kingo zote nne, polepole, akitafuta ufa.

"Mzima," alisema.

"Mzima, mzee."

"Na kumi na mbili?"

"Ilikuwepo. Yordani hakuiparua."

Mzee alifunga macho kidogo. Treni ilitikisika, ikaanza kwenda. "Risala je?" aliuliza kwa sauti, mkono wake ukiwa bado juu ya ubao. "Si ilikuwa leo, saa tisa? Nani amesoma?"

Zuena alitembea sambamba na dirisha hatua chache, akihema, mikono yake mitupu. "Amesoma Hamisa," alisema. "Nenda salama, mzee."